Je, Akili ya Mtoto ni Mali ya Nani?

Watu wa kale walisema, Akili ni mali. Neno hili twalipenda sana sisi walimu, hata twaliandika ubaoni na kuwapa watoto walitungie insha. Lakini mali ina mwenyewe. Shamba lina mwenyewe, mbuzi ana mwenyewe, hata mwembe ulioota kando ya njia haukosi mtu wa kuudai wakati wa maembe. Basi, ikiwa akili ni mali, akili ya mtoto wa miaka 13 ni mali ya nani? Ni ya baba yake aliyemlisha? Ni ya serikali iliyomjengea darasa? Au ni yake mwenyewe, naye hana bado nguvu ya kuitetea?

Hatuulizi kwa kupenda maneno mengi. Twauliza kwa sababu liko jambo litendekalo katika nchi yetu ya Tanzania, nalo limesemwa hadharani mara nyingi na viongozi wa wilaya na wa mikoa, wala si siri tena. Mwezi wa Septemba watoto wa Darasa la Saba huketi kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Wapo wazazi ambao usiku wa kuamkia siku hiyo humwita mtoto kando, nao hawamwambii, “Mwanangu, jitahidi.” Humwambia, “Mwanangu, jibu vibaya.” Na kwa kuwa majibu mengi ni ya kuchagua herufi moja katika kadha wa kadha, kazi ya kushindwa haimpi mtu taabu. Mtoto ajuaye kwamba jibu ni C hutia alama penye A, akaendelea hivyo hata mwisho wa karatasi. Matokeo yatokapo, jina lake halimo katika waliochaguliwa, na jirani husema, “Maskini, hakujaliwa kichwa.” Mtoto asikia maneno hayo, wala hawezi kuyajibu, maana akiyajibu amemfunua baba yake.

Ni rahisi kumlaani mzazi wa namna hii. Sisi nasi tutamhukumu, lakini si kabla ya kusikiliza shauri lake, kwa maana shauri analo, wala si mpumbavu.

Kwanza atakuambia habari za mwezi wa Januari. Ada iliondolewa, kwa waraka wa mwaka 2015, tangu Januari 2016 mtoto wa shule ya serikali halipi ada tangu elimu ya awali hata Kidato cha Nne, na hilo ni jambo kubwa ambalo babu zetu hawakulipata. Lakini ada si gharama yote. Iko sare, viko viatu, yako madaftari, uko mchango wa chakula cha mchana. Ikiwa shule i mbali, ama mtoto atembee asubuhi gizani na jioni gizani, ama apangiwe chumba karibu na shule, ajipikie na kujilinda mwenyewe. Na mzazi mwenye binti ajua chumba hicho kitamletea hofu gani. Tena haya yote hudaiwa lini? Katika sehemu nyingi za nchi zenye msimu mmoja wa mvua, Januari ndiyo wakati wa palizi. Ghala li tupu, au karibu na kuwa tupu, na mahindi ya kununua yamepanda bei. Ndipo nyumba huambiwa itoe fedha ambayo haina, na itoe pia mikono miwili iliyokuwa ikitegemewa shambani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na yaelekea waliopanga mwaka wa shule hawakuwa wenye njaa.

Sababu hii ya kwanza ni nzito, lakini si hiyo ituumizayo sisi walimu. Ituumizayo ni ya pili. Mzazi atanyosha kidole aonyeshe nyumba ya tatu na kusema, “Mwana wa yule alikwenda miaka 4. Mbuzi waliuzwa. Amerudi na sifuri. Kulima hataki tena, na kazi ya ofisini hakupata. Mimi nijifunze wapi, ila kwake?”

Hapo mwalimu mwenye haki hunyamaza kidogo. Kwa maana ni kweli. Tangu mwaka 2004, kwa mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, shule zilianza kujengwa katika kata kwa wingi na kwa haraka. Wanakijiji wengi wetu tulibeba mawe na mchanga kwa mikono yetu. Kuta zilisimama upesi kuliko walimu walivyopatikana, hasa walimu wa hesabu na wa sayansi. Maabara yalibaki vyumba vyenye jina la maabara. Matunda yalionekana katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi nzima ilishtuka, tume ikaundwa, na matokeo yakapangwa upya. Tangu hapo hali imekuwa bora, nasi tungekosa haki tusiposema hivyo. Lakini mtu wa kijijini hasomi taarifa za wizara; yeye humsoma kijana aliyeketi chini ya mwembe, asiye na la kufanya.

Na mizizi ya sifuri ile haianzi Kidato cha Nne. Huanza katika miaka ya katikati, tangu Darasa la Tano hata Kidato cha Pili, miaka ambayo haisifiwi na mtu. Mtoto mdogo aanzaye kusoma hupigiwa makofi; kijana wa Kidato cha Nne huombewa kanisani; bali huyu wa katikati, ambaye sauti yavunjika na magoti yamezidi kaptura, hana wa kumtazama. Mwaka 2010 watu wa Uwezo walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto kwa hadithi fupi ya Darasa la Pili. Wakaona kwamba takribani mtoto 1 katika kila 5 waliofika mwisho wa elimu ya msingi hakuweza kuisoma ile ya Kiswahili, na karibu nusu hawakuiweza ile ya Kiingereza. Yaani mtoto alipita madarasa matano akiwa amebeba daftari ambalo halimsemeshi, wala hapana aliyemsimamisha na kumwuliza.

Kisha huja mlima wa lugha. Katika shule za msingi za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili. Ajua chakula husagwaje tumboni, ajua mvua hutoka wapi, ajua sehemu na desimali. Aingiapo Kidato cha Kwanza, mambo yale yale humjia kwa Kiingereza. Hupewa majuma machache ya kumwandaa, halafu safari huanza. Yule aliyekuwa akinyosha mkono kwa kila swali sasa aukunja. Mwalimu huandika ubaoni, mtoto hunakili. Mwalimu hufuta, mtoto hufungua ukurasa mwingine. Daftari lajaa, kichwa chabaki na maneno yasiyo na picha. Hata mwalimu mwenyewe mara nyingi Kiingereza chake ni cha kuazima, naye hurudia sentensi za kitabu kwa hofu ya kuteleza. Ugomvi wa lugha ipi itumike hatuuingii leo. Wenye hoja ni wengi pande zote mbili, na sera ya elimu, Toleo la 2023, imeiacha sekondari katika Kiingereza kama ilivyokuwa. Twasema tu kwamba mtoto wa mwenye fedha hupelekwa shule ya kulipia, akaanza Kiingereza tangu utoto, na nyumbani ana vitabu na mtu wa kumsahihisha. Mtihani wa Kidato cha Pili huwakuta wote wawili. Karatasi ni moja, saa ni zile zile. Wengi huuita huo usawa. Sisi twaona ni usawa wa karatasi. Miguu iliyoifikia karatasi hiyo haikutembea njia moja.

Wazee wa kijiji wana fikira nyingine juu ya kushindwa, nayo yafaa ikumbukwe. Zamani za Mwingereza, miaka ya 1950, madarasa ya tano hadi ya nane yaliitwa shule za kati, na wengi walichujwa kabla ya kuzifikia, mwisho wa Darasa la Nne. Hata baada ya Uhuru nafasi zilikuwa chache: mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliandika kwamba katika watoto 100 wa shule za msingi ni 13 tu watakaopata nafasi sekondari. Mtihani wakati ule ulikuwa mlango mwembamba. Aliyebaki nje hakuonekana mjinga. Nafasi tu zilikwisha, naye akashika jembe pasipo aibu. Basi babu akisikia leo kwamba mjukuu hakuchaguliwa, huona ni bahati tu, kama mvua ya mwaka mbaya. Wapo hata wamtumiao Mwalimu kuwa ngao, wakisema, “Yeye mwenyewe alifundisha kwamba elimu ya msingi iwe kamili.” Alifundisha hivyo, naam. Lakini alitaka mtoto asiyeendelea asitoke mikono mitupu. Hakufundisha kwamba anayeweza kuendelea akatwe miguu.

Sasa turudi kwenye swali letu, maana twadhani jibu lake liko karibu kuliko tunavyofikiri.

Katika vijiji vya wafugaji iko desturi ya mtu kumwekea mwenzake ng’ombe. Mwenye kuwekewa hunywa maziwa, samadi huitia shambani kwake, wala hapana amwitaye mwizi, kwa kuwa yeye ndiye alishaye na kulinda usiku. Ila hana ruhusa ya kumchinja wala kumwuza. Na ng’ombe akizaa, ndama ana hesabu yake. Siku mwenyewe atakapokuja, ataulizwa.

Twaona akili ya mtoto ni amana ya namna hiyo. Mzazi hunywa maziwa kwa haki. Mtoto ateke maji, achanje kuni, achunge Jumamosi, ashike jembe baada ya masomo. Hatuko pamoja na wale wasemao kwamba kila kazi apewayo mtoto ni dhuluma. Sisi sote tulilima, na mtoto asiyejua kazi ni mzigo kwa nafsi yake. Bali kumwambia atie alama penye A hali ajua ni C, huko si kunywa maziwa. Huko ni kumchinja ng’ombe wa watu usiku na kuifukia ngozi.

Na mwenyewe ni nani? Mwenyewe bado hajafika. Ni yule mtu mzima ambaye mtoto huyu atakuwa baada ya miaka 20. Yeye ndiye mwenye mali, naye hayuko barazani hata ajitetee. Baba amjua mtoto aliye mbele yake, hamjui mtu yule. Huenda mtu yule angekuwa mganga wa zahanati, huenda angekuwa mkulima kama baba yake, lakini mwenye kuisoma karatasi ya mbolea na ya mkopo kabla ya kutia sahihi. Mkristo ataongeza kwamba hata mtu yule si mwenyewe wa mwisho. Ni kweli, ila hoja hii yasimama hata kwa jirani yetu asiyesali pamoja nasi.

Liko jambo jingine ambalo huogopewa kusemwa. Tumewafundisha watoto wawatii wazazi. Je, mtoto aambiwaye ajibu vibaya atii? Sisi twasema, asitii. Heshima kwa baba haikuwekwa iwe njia ya uongo, na mtoto ajibuye kweli katika chumba cha mtihani hajamvunjia baba yake heshima. Amelinda kitu ambacho baba alipaswa kukilinda. Walakini hatuthubutu kumlaumu yule aliyetii. Ana miaka 13. Alala katika nyumba ile, ala katika sufuria ile, na kesho yake Septemba ile ile atapewa jembe na mkono uliomwamuru. Mzigo wa uongo wake u juu ya aliyemwamuru. Lakini kidonda chake kitabaki naye: atakuwa mtu mzima akijua kwamba siku ile alijua.

Hivi ndivyo tumhukumuvyo mzazi. Ila amana haibaki mkononi mwake peke yake. Mtoto akiisha kupelekwa shule, ng’ombe amehamia zizi jingine, na sisi walimu tumepokea kamba. Mwalimu aliye na vipindi vitano akaingia vitatu amekunywa maziwa bila kulisha. Mwalimu amwitaye mtoto mjinga kwa sababu hajui neno la Kiingereza ambalo hakufundishwa, huyo naye amechinja, na tena mchana kweupe. Nao watoao amri za kujenga shule pasipo kuleta mwalimu wa hesabu hata mwaka wa tatu, hatujui watajibu nini watakapoulizwa. Mzazi aliyemwona mwana wa jirani akirudi na sifuri alikuwa ameona ng’ombe aliyekabidhiwa akarudishwa mifupa. Alifanya vibaya, lakini fikira yake ya kuogopa zizi lile hakuiokota hewani.

Kwa hiyo hatuna imani kubwa na dawa ya kutisha peke yake. Mzazi hupelekwa mbele ya hakimu, hutozwa faini, mgambo hutumwa nyumba kwa nyumba mwezi wa Januari. Sheria ni njema, wala hatusemi iondolewe. Binti aliyekuwa akiozwa kwa ng’ombe hana rafiki mwingine. Tena sheria yaweza kurehemu: tangu Novemba 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa kupata mimba ameruhusiwa kurudi katika shule ya serikali, na tumefurahi. Sera mpya pia imeagiza miaka 10 ya lazima, 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Utaratibu huo ukiisha kushika mizizi, ule mtihani wa kati hautakuwa tena mlango wa kumfungia mtoto nje, na ile hila ya penseli haitamfaa mzazi kitu. Lakini mgambo na sera huleta mwili wa mtoto darasani. Mzazi asiyeiamini shule atapata hila nyingine; mtoto ataandikishwa, naye ataonekana Jumatatu na Ijumaa tu, na palizi itakapokwisha ndipo atakapofika siku zote tano, akiwa nyuma ya wenzake majuma sita.

Tusemeje basi kwa wasomaji wetu ambao si hakimu wala wizara, bali ni watu wenye ekari mbili na watoto watano? Yako machache yaliyo ndani ya uwezo.

La kwanza ni gunia la Januari. Madai ya Januari hutuua kwa sababu hutukuta Januari. Mavuno yaingiapo, mwezi wa Juni au Julai, nyumba yenye mtoto wa Darasa la Sita au la Saba yaweza kutenga gunia moja au debe nne, zikaandikwa jina la mtoto, wala zisiguswe kwa pombe wala kwa arusi. Debe zile zauzwa Januari, bei ikiwa juu, si Julai ambapo mchuuzi huzichukua kwa fedha ya chumvi. Penye vikundi vya kuweka na kukopa, akina mama wameonyesha kwamba hata hisa ndogo ya kila juma hufika sare na viatu. Twawasifu akina mama hasa, kwa kuwa katika jambo hili mara nyingi akina baba tumekuwa watu wa kuambiwa.

La pili ni chakula cha mchana. Kijana wa miaka 14 aliyetembea saa moja na nusu kwa tumbo tupu hafundishiki saa nane mchana, awe na akili za namna gani. Yako makubaliano ya vijiji ambapo kila nyumba hutoa mahindi na maharagwe, na mpishi hulipwa kwa kiasi hicho hicho. Makubaliano hayo huvunjika kwa kitu kimoja, yaani hesabu zisizosomwa. Basi hesabu za stoo zisomwe mbele ya watu kila mwezi, debe kwa debe. Mwalimu mkuu asione ni kudharauliwa.

La tatu ni daftari. Wazazi wengi husema, “Sikusoma, nitamkaguaje mtoto?” Waweza. Mtoto wa Kidato cha Kwanza arudipo jioni, mwambie afungue ukurasa wa siku ile, kisha akueleze kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, yaliyoandikwa pale. Huhitaji kujua Kiingereza hata neno moja. Akikueleza ukaelewa, amejifunza. Akisema, “Ndivyo alivyoandika mwalimu,” na asiweze kuendelea, ujue amenakili tu. Zikipita siku tatu za namna hiyo, chukua daftari lile mkononi, nenda nalo shuleni, kaa katika kiti cha wageni, na umwombe mwalimu wa somo hilo, kwa adabu, akueleze ukurasa ule kwa Kiswahili mtoto akiwapo. Wakija wazazi wawili kwa juma, shule itaanza kujiandaa kuwapokea. Wakija kumi, mpango wa vipindi utabandikwa ukutani na majina ya walimu yataandikwa mbele ya kila kipindi.